Nani Kasema?

Kijana aliyenipigia simu wiki iliyopita alikuwa na adabu zote. Alianza na shikamoo, akauliza afya yangu, akauliza na mvua za Mbinga, kisha akaniambia habari niliyokwisha kuisikia kwa wengine: Profesa Lema amefariki. Chuo kinaandaa kitabu cha kumkumbuka, na yeye ndiye aliyepewa kazi ya kukusanya makala. Angefurahi kama na mimi, mwanafunzi wake wa zamani, ningeandika kurasa mbili tatu kueleza marehemu alivyonifundisha kuandika kisomi. "Na kama kuna maneno ya mtu unayanukuu, mama, tafadhali onyesha chanzo," akaongeza, "maana unajua mwenyewe Profesa alivyokuwa mkali kwa hilo." Nikamwambia ninajua. Nilipokata simu nilienda kukaa barazani nikacheka peke yangu, na jirani aliyekuwa anaanika nguo akaniuliza kama kuna heri. Nikamwambia ndiyo, kuna mtu amekufa.

Ya ukoo wangu nayaacha, hayamhusu mtu. Nataka kuusema mwaka mmoja tu, mwaka ambao ruksa ya biashara huria, iliyokuwa imekwisha kuzoeleka Dar es Salaam, ilipanda hadi milimani kwetu. Ghala la ushirika lilikuwa bado limesimama, lakini mlinzi wake alilinda popo. Wanunuzi binafsi wa kahawa walikuja na malori na mizani zao, wakazitundika chini ya paa la turubai, na kila kona ya mji ungesikia watu wakibishana juu ya mshale umesimama wapi. Mbolea ilipanda bei. Maduka yalijaa blanketi, betri na sabuni za kunukia. Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani kufanya utafiti wa shahada ya pili, chini ya Dokta Lema, maana wakati huo alikuwa bado Dokta. Mradi wake ulikuwa umepanga nyumba juu ya soko: chumba chake, chumba changu, na katikati sebule yenye meza ndefu, taipureta moja na jiko la mkaa lililokuwa haliikimbii baridi ya Juni wala haliishindi. Asubuhi tulikula viazi vitamu vya kuchemsha na kahawa ya kopo aliyoileta kutoka Dar es Salaam. Sisi Wamatengo tulikuwa tunaishi katikati ya mikahawa na kunywa chai, na yeye jambo hilo lilimchekesha kila asubuhi, bila kuchoka.

Nilikuwa najua Kiingereza, ama nilidhani hivyo. Nilikuwa nimefaulu mitihani yote kwa Kiingereza, nilisali kwa Kiingereza nilipotaka kuringa. Kazi yangu ya kwanza niliyompa ilianza na milima, ikashuka kwa wamisionari, ikawapitia wazee waliotangulia na namna mashamba ya ngoro yanavyolimwa kwa mashimo na matuta ili mvua isiporomoshe udongo, kisha ndipo, ukurasa wa tisa, nikabisha hodi kwenye jambo lenyewe. Dokta alisoma mpaka mwisho, akaweka kalamu nyekundu mezani.

"Mbona unazunguka mlima, Skola?" Jina langu ni Skolastika, lakini hakuna aliyekuwa na muda wa kulimaliza.

"Barabara zetu zote zinazunguka mlima, Dokta."

Alicheka mpaka akavua miwani. Halafu akavuta kiti karibu akanifundisha. Sema mwanzoni kabisa unachotaka kusema. Aya moja, jambo moja. Methali toa, kwa sababu methali haijulikani aliisema nani. "Kila mtu anajua" toa, kwa sababu msomaji wako hajui. Usiseme jambo "liko" hivi, sema "yaelekea" liko hivi, uache mlango wazi kidogo. Na baada ya kila dai, weka mabano mawili madogo, na ndani yake jina na mwaka: nani kasema, na lini. Hayo mabano aliyaheshimu kuliko sala. Alikuwa akipita na kalamu yake pembeni mwa ukurasa, kila palipo na dai tupu anaandika swali lile lile kwa Kiswahili, ingawa ukurasa wote ulikuwa Kiingereza: Nani kasema?

Sitamnyima haki yake. Yule mtu alijua kufundisha, na mimi nilipenda kufundishwa. Nakumbuka Jumamosi moja ukurasa wangu ulirudi hauna hata doa jekundu, nikashuka nao sokoni nimeukunja mfukoni, nikanunua maembe nisiyoyataka ili tu nizungumze na mtu. Nilijiona nimepewa chombo. Na chombo chenyewe kilikuwa na faida yake: idarani kulikuwa na nafasi moja ya mhadhiri msaidizi, na Dokta alikuwa ameniahidi kwa kinywa chake kwamba tasnifu ikipita vizuri, nafasi ni yangu. Sikuwa na shabaha nyingine duniani mwaka ule. Leo nikikaa na kuyapima, sijui nimchukie vipi mtu aliyenipa kitu kizuri kama kile kwa mkono ule ule. Lakini naweza, nimefanya mazoezi.

Utafiti wangu ulikuwa juu ya jambo dogo ambalo mimi niliona ni kubwa. Kila msimu wanawake wa milimani, mama yangu akiwamo, walishuka kutoka Mkumbi na maharage kichwani mpaka vijiji vya ziwani, wakarudi na usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa. Hawakuwa wakiuza. Kila mmoja alikuwa na mwenzake kule chini, mmoja tu, na wa mama alikuwa Edna wa Kihagara, mwanamke mrefu, Mwanglikana, mwenye ulimi mkali kuliko mwiba wa samaki. Mama kwao ni Kimatengo, Edna Kinyasa, wakakutana kwenye Kiswahili, ambacho hakikuwa lugha ya mama ya yeyote kati yao. Desturi yao ilikuwa hivi. Kwanza mnakula. Hamtaji mizigo mpaka mmenawa mikono. Kisha mwenyeji anammiminia mgeni, na anayemimina haruhusiwi kuacha; anayepokea ndiye husema "basi." Mwenye adabu hulisema mapema. Kama umechelewa kulisema, hakuna atakayekusema, ila msimu ujao utarudi na zaidi, na kila mtu anajua kwamba utarudi, kwa sababu umekwisha kula. Katika mwaka ambao kila mti ulikuwa umetundikwa mizani, wanawake hawa hawakupima kitu. Niliona hapo kuna tasnifu.

Hiyo ndiyo ikawa sura ya tatu. Niliiandika kwa siku chache tu, ikatoka moja kwa moja, haikuzunguka mlima. Dokta aliisoma kimya. Kwenye sentensi iliyobeba sura nzima, ile isemayo kwamba hawapimi kwa sababu wamekwisha kula pamoja, na ile inayofuata juu ya nani husema basi, alichora duara jekundu. Nani kasema?

"Mama yangu," nikamwambia.

"Mama yako si chanzo, Skola. Mama yako ni mama yako."

"Lakini ndiye anayefanya hayo, Dokta."

"Atasema mtahini umeyatunga. Tutashuka wote, niyaone kwa macho yangu. Nitakulinda."

Nilimshukuru. Naliandika hilo kwa makusudi: nilimshukuru.

Tulishuka na gari la mradi siku ya jua kali. Dokta mbele na dereva, mama na mimi nyuma, tumeshikilia gunia la maharage lisituangukie kila kona. Milima ikaisha, joto likatupokea, na ziwa likawa kulia kwetu bila mwisho. Mama hakuwa amewahi kushuka kwa gari. Alikuwa akiniambia kwa sauti ya chini kwamba njia ya miguu ni bora, kwa sababu unafika na njaa.

Edna alitoka jikoni anafuta mikono kwenye kanga. "Karibuni! Kumbe mmekuja na mgeni. Basi leo samaki watajuta."

"Shikamoo, mama," akasema Dokta.

"Marahaba, mwanangu. Unakula muhogo, au nyie wasomi mnakula karatasi?"

Dokta akacheka, akasema anakula vyote. Tukakaa mkekani. Ulikuja ugali wa muhogo, mweupe na mzito, usipa wabichi waliokaangwa na nyanya, na kipande cha mbasa mkavu, samaki mkubwa wa ziwa lile, aliyekuwa amewekwa kwa ajili ya mgeni. Dokta alikula vizuri, sitasema uongo. Alikula akauliza, akauliza akaandika, na mama na Edna wakamjibu wakipokezana, mmoja akisahau mwingine anakumbusha. Nani alianza? Mama zetu. Je, mwenzako akifa? Binti yake anachukua mahali pake. Je, mtu akichukua asirudishe? Wakatazamana. Edna akasema, "Atakuwa hakula. Mtu akila, harudi mikono mitupu." Dokta akapigia mstari.

Tuliponawa, Edna akaleta kapu la usipa wakavu na mfuko mtupu, akampa Dokta mfuko aushike. Akaanza kumimina. Mfuko ukafika nusu. Dokta alikuwa anatabasamu. Ukajaa. Akaushindilia kidogo, nafasi ikapatikana, Edna akaendelea kumimina, kwa sababu afanyeje? Nilimtazama mama, mama akatazama ziwa. Nilitaka kusema, lakini mtu wa tatu hasemi, hiyo ni aibu mara mbili. Kapu likaisha. Walikuwa usipa wa nyumba ile wote. Ndipo Dokta akasema, "Asante sana, mama, asante," akaufunga mfuko kwa kamba. Desturi yenyewe alikuwa ameisoma kwenye sura yangu, sentensi nzima, kwa Kiingereza sanifu, na kuichorea duara. Hakuiamini, ndiyo maana hakuifuata.

Njiani kurudi nilimuuliza mama kama ameudhika. "Mgeni huyo," akasema. "Tena amekula. Atarudisha." Na mavuno yaliyofuata akamshushia Edna maharage mara mbili, fungu la kwake na la Dokta, kwa sababu yeye ndiye aliyempeleka. Kisha akajaza kopo moja la maharage mekundu, akaliweka juu ya dari ya jikoni, penye moshi ili wadudu wasiyaguse. La Dokta, siku atakayokuja, asiondoke mikono mitupu.

Miezi ikapita. Dokta alikuwa akienda na kurudi. Siku moja alikuja na wageni wawili wa mradi kutoka Ulaya, wakala chakula cha mchana sebuleni. Mimi nilikuwa chumbani kwangu nasahihisha sura ya nne, na ukuta ulikuwa wa mbao. Nikamsikia akiwasimulia juu ya wanawake wasiopima. Alisimulia vizuri, kwa sauti ile ya darasani, na nikaisikia sentensi yangu ikipita kwenye mbao, neno kwa neno, na koma mahali nilipoiweka. Mgeni mmoja akauliza aliligunduaje jambo zuri hivyo. Akasema, "Niliketi nao mkekani." Mnajua nilifanya nini? Nilitabasamu. Nilidhani ananipigia debe. Nilidhani baadaye ataniita, aseme huyu hapa ndiye mwenyewe, na nikajifunga kitambaa kizuri kichwani nikangoja. Wageni wakala papai, wakaondoka.

Tasnifu niliipeleka. Ukapita msimu wa kahawa, likaja vumbi, ndipo Dokta akaja Mbinga na bahasha. Tuliketi kwenye meza ile ile ndefu. Mtahini wa nje alikuwa ameisifia kazi, lakini alikuwa na jambo moja zito: sura ya tatu inafanana mno na makala ya Dokta Lema iliyotoka katika jarida fulani la ng'ambo, hata sentensi nyingine ni zile zile, na mwanafunzi hakuitaja popote. Mtahini alitumia neno ambalo kwa Kiswahili ni wizi. Makala yenyewe Dokta alikuwa nayo kwenye begi. Nikaisoma mbele yake. Mkeka ulikuwamo. Muhogo ulikuwamo. Edna alikuwa "mwanamke mmoja wa ziwani" na mama alikuwa "mwanamke mmoja wa milimani," na chini, kwa herufi ndogo, wanawake wa Ruvuma walishukuriwa, majina yao yamefichwa ili kulinda siri zao. Mimi sikuwamo, hata kwa herufi ndogo.

"Dokta," nikasema, "hii sentensi niliiandika mimi. Uliichorea duara."

"Ilikuwa haina chanzo, Skola." Alikuwa mpole. Hakuwahi kuwa mpole kama siku ile. "Sasa inacho. Weka jina langu na mwaka mwisho wa sentensi, mtahini ataridhika, utahitimu. Ni sentensi chache tu. Si ndiyo kanuni niliyokufundisha?"

Nilimuuliza kama anaweza kumwandikia mtahini akamweleza ukweli. Akatazama jiko la mkaa. Akasema mambo kama hayo yakianza kuelezwa huwa yanachafua watu wote, na mdogo ndiye huchafuka zaidi. Kisha akamimina kahawa yake ya kopo, kikombe chake na changu, akaniwekea sukari.

Niliandika. Nilikaa kwenye taipureta ile nikaigonga sura ya tatu upya, na kila mahali mama yangu aliposema, nikaweka mabano mawili, na ndani yake Lema. Simwombi mtu msamaha kwa hilo na wala siungami, nilikuwa na njia moja nikaifuata. Ninachosema ni kwamba nilitendewa, na aliyenitenda alikuwa na jina na mwaka. Nilihitimu. Nafasi ya uhadhiri alipewa mwingine, kwa sababu mtahini alikuwa amekwisha kuandika lile neno lake, na karatasi haisahau. Nikarudi Mbinga kufundisha Kiingereza sekondari mpaka nikastaafu. Nimewafundisha watoto wa watu wengi kusema jambo mwanzoni na kuonyesha chanzo. Nimewafundisha vizuri, kwa sababu nilifundishwa vizuri. Wahenga walisema mla, mla leo, mla jana kala nini? Methali toa, Skola.

Mama nilimweleza yote, jikoni kwake Mkumbi, nikitegemea atalaani. Alikoroga sufuria. Akaniuliza swali moja tu: huko kwenye hiyo makala, ameandika kwamba alikula? Nikasema ameandika. "Basi anakumbuka," akasema. "Atarudi." Kila mavuno alilishusha kopo la dari, akapika yale ya zamani, akajaza mapya. Dokta akawa Profesa. Mtoto wa dada yangu alienda chuo kikuu, akarudi likizo na vitabu, na akamweleza bibi yake, kwa furaha ya mtu aliyesoma, kwamba kwa mujibu wa Lema wanawake wa milimani hula kwanza na hawapimi. Mama alisikiliza mpaka mwisho. "Huyo Lema anaendeleaje?" akamuuliza. Edna akatangulia kufa, mama akafuata. Siku ya kuhani msiba wanawake waliofagia jikoni waliteremsha kopo, wakaniuliza ni la nani. Nikanyamaza, wakawapikia waombolezaji maharage yale.

Kwa hiyo kijana aliponipigia, niliandika. Nilifuata kanuni zote. Nilisema jambo mwanzoni. Nilimsifu marehemu kwa alivyonifunza, kurasa mbili na nusu, na sifa hizo ni za kweli. Katika aya ya mwisho nikaweka sentensi moja: kwamba Profesa Lema alikula kwetu, akamiminiwa mpaka kapu likaisha, na hakusema basi. Na mwisho wa sentensi, mabano mawili: Otilia Ndunguru, Mkumbi, na mwaka ule.

Leo asubuhi amepiga tena. Shikamoo, marahaba, mvua. Makala ni nzuri sana, mama, imetugusa sote. Ila kuna chanzo kimoja hawakipati. Wamekitafuta maktaba, wamekitafuta mtandaoni. "Huyu Otilia Ndunguru amechapisha wapi?"

"Hakuchapisha. Ni mama yangu. Amezikwa Mkumbi."

"Ah. Pole sana, mama." Nikamsikia akigeuza karatasi. "Basi naomba tufanye hivi: tuiondoe hiyo sentensi, nyingine zibaki. Ni sentensi moja tu."

Alikuwa mpole. Upole ule ninaujua. Nikamwambia kama sentensi ile haiwezi kuingia na jina la mwenyewe, kurasa zote zirudi kwangu, hata lile jina langu lisionekane kitabuni. Akaanza kunisihi: lakini mama, ukurasa mmoja tu, wanafunzi wake wa mwanzo mmebaki wachache, tuongezee kidogo. Kwa desturi yetu anayemimina hana ruhusa ya kulisema neno lile. Edna hakulisema, kapu lake likaisha. Mama hakulisema, mpaka anaingia kaburini.

"Basi," nikamwambia.